Pete Inayoachwa Wazi: Usambazaji wa Umeme wa Msongo wa Kati

MTANGAZAJI: Karibuni, wasikilizaji. Ndugu Mhandisi, kwa nini kebo ya kilovolti 11 ipitishwe kwenye transfoma moja baada ya nyingine, kisha irudishwe kwenye kituo kilekile cha kupoza umeme ilikotoka?

MHANDISI: Kwa sababu kebo iliyofukiwa ikiharibika, kuifukua na kuiunga huchukua saa nyingi, na laini ya njia moja ingewaacha gizani wote walio mbele ya hitilafu. Mzunguko huo, tunaouita pete, humpa kila mteja njia mbili. Hata hivyo, kwa kawaida haiachwi ikiwa kamili: katikati yake swichi moja huwa wazi, na kila nusu hulishwa kupitia breka yake kituoni, yaani swichi inayojikata yenyewe shoti inapotokea.

MTANGAZAJI: Tukumbushane kwamba bomba la maji ukilifunga maji hukatika, ilhali swichi ukiifunga ndipo umeme hupita.

MHANDISI: Ndivyo hasa. Sasa chukulia transfoma sita, swichi iliyo wazi ikiwa kati ya ya 3 na ya 4, na kebo inayounganisha ya 1 na ya 2 ipige shoti. Swichi za kwenye pete zimeundwa kukata mkondo wa kawaida wa mzigo, hazimudu kukata mkondo wa shoti, kwa hiyo breka ya kituoni ndiyo inayoruka, na transfoma 1, 2 na 3 huzimika.

MTANGAZAJI: Fundi atajuaje mahali penyewe bila kuchimba?

MHANDISI: Hukagua viashiria vya hitilafu. Cha transfoma ya 1 kinamulika, kwani mkondo wa shoti umepita hapo; cha transfoma ya 2 kimetulia. Basi ubovu uko kati yao. Fundi hufungua swichi za ncha zote mbili za kebo hiyo, breka hurudishwa na transfoma ya 1 huwaka, kisha ile swichi ya katikati hufungwa ili ya 2 na ya 3 zilishwe kutoka upande wa pili. Wateja wote wamerudi, na kebo bado ni mbovu.

MTANGAZAJI: Kwa nini basi swichi hiyo ya katikati isifungwe tangu mwanzo?

MHANDISI: Shoti ingelishwa kutoka pande zote mbili, breka zote mbili zingeruka, na transfoma zote sita zingezimika, isipokuwa kila transfoma iwe na breka zake na rilei, yaani vifaa vya kuiamuru breka iruke, zinazotambua upande wa hitilafu, jambo lenye gharama kubwa. Pete iliyo wazi nayo ina gharama yake: kebo ya kila upande sharti iweze kubeba mzigo wa transfoma zote sita.

MTANGAZAJI: Na usalama wa wanaoiunga?

MHANDISI: Hapo ndipo ninaposisitiza kuliko popote. Umeme sasa umefika kwenye ncha zote mbili za kebo ile, kwa hiyo kabla ya mtu kuigusa, swichi za ncha zote mbili hutiwa kufuli, kebo hupimwa kuthibitisha kuwa haina umeme, na huunganishwa na ardhi (ethi) huku na huku. Baada ya kuungwa, fezi, yaani nyaya tatu za umeme zilizo ndani ya kebo, hulinganishwa kabla ya pete kurudishwa, kwa maana zikiwa zimepishana, kufunga swichi ni kupiga shoti upya.