Jicho la mbung'o

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Wanaonijua naona wameshaanza kucheka.

Kila nikija Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, lazima mtu anishike mlangoni: "Daktari, zahanati haina dawa, na wewe miaka yote hii unachungulia jicho la inzi?" Leo najibu mapema, maana nimechoka kulijibu swali hili gari likiwa linaniungurumia.

Malale, ugonjwa huu anaoueneza inzi aitwaye mbung'o, sina haja ya kuwaeleza ninyi. Wala sitawarudisha Busoga, kusini-mashariki mwa nchi, mwanzo wa karne iliyopita, watu zaidi ya 200,000 walipoteketea. Nataka tuzungumzie kitambaa. Kile cha buluu, sentimita 25 kwa 25, kilichounganishwa na wavu mweusi wa kipimo hicho hicho, kikatiwa dawa ya kuua mbung'o na kuchomekwa kando ya mto. Vilianza kuwekwa huku 2011, mwaka wa uchaguzi, na kuna mzee aliyeniuliza ni bendera za chama gani.

Sasa, kwa nini buluu? Mbung'o wa nyika huvutwa na harufu ya ng'ombe. Huyu wetu wa mtoni harufu haimshughulishi sana, anaamini macho yake. Buluu inamwita kutoka mbali, nyeusi inamshawishi atue. Na asiyetua huzungukazunguka, akajigonga kwenye wavu.

Ngojeni niwape kisa changu. Waliokwisha kukisikia wavumilie. Nilikuwa kijana, nimetoka masomoni na kichwa kimevimba. Nikasema nitapunguza gharama. Nikaenda sokoni, nikapata kitambaa cha polista cha buluu, bei poa. Tukakiweka juani pamoja na kile cha pamba tulichozoea, mimi, mwenye duka na mkewe. Sote watatu tukaapa: buluu ni ile ile. Nikabeba mita 200.

Wiki nzima mtoni mbung'o walikipita kile kitambaa kama mtu anavyompita anayemdai. Mvuvi aliyekuwa akinisaidia akaniambia, "Daktari, inzi wako wameshiba."

Tulipokipima kwa mashine ndipo nikaona aibu yangu. Kitambaa cha sokoni kilikuwa kinarudisha mwanga mwingi wa urujuanimno, ule ulio ng'ambo ya zambarau. Sisi hatuuoni kabisa. Mbung'o anauona, na ukizidi kwenye kitambaa anakikwepa. Kwa hiyo buluu moja kwa macho yetu sote watatu, kwake ilikuwa rangi mbili tofauti. Nyumbani kwangu hatujanunua pazia tangu siku ile.

Mtasema: pesa hizo si zingenunua dawa? Dawa humtibu aliyekwisha kuumwa, bwana! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense, ile ya huku kwetu, si tishio tena kwa afya ya umma Uganda. Sisemi ni kazi ya kitambaa peke yake. Kuna waliopima watu kijiji kwa kijiji, wakawatibu. Lakini kitambaa kilikuwepo, na kilitoka kwa watu waliokaa wakichungulia jicho la inzi. Na msilale: nchi yetu ndiyo pekee yenye aina zote mbili za malale. Ile ya pili, ya kusini-mashariki, hujificha kwa ng'ombe, na ng'ombe hapangi foleni zahanati.

Naam, mwenyekiti, nimeiona saa. Habari za masikio ya wanyama nilikuwa nazo pia, nazipitia mbio. Yule bundi mweupe wa darini mnayempiga mawe, sikio lake moja liko juu kuliko jingine. Ndivyo anavyojua panya yuko wapi gizani totoro. Panya huyo alikuwa anakula karanga zako. Mchawi ni nani hapo? Na popo wakubwa wa Bat Valley pale Kampala si vipofu, wanaona vizuri sana. Wanaojiongoza kwa mwangwi ni wale wadogo. Tembo nawaacha, mtanialika tena.

Moja tu kabla ya chai. Kuna mtu ameng'oa vitambaa viwili karibu na daraja akamshonea mtoto mfuko wa shule. Mama, au baba, vile vina dawa ya wadudu. Tena mtoto wako anakwenda shule na kitu cha kumwita mbung'o mgongoni. Nitakuwa chini ya mwembe pale nje. Virudishe tu, jina sitauliza.