Misemo ya Kiingereza kutoka baharini: ipi ya kweli, ipi porojo

Ndugu wasikilizaji, anayesema "kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" huenda hajawahi kukanyaga jahazi, lakini aliyeitunga methali hiyo alikijua chombo. Kiingereza nacho kina misemo mingi ya jinsi hiyo, kwa kuwa Waingereza walitegemea merikebu karne nyingi kwa vita na biashara. Matokeo yake, kila msemo usiojulikana ulikotoka husingiziwa bahari. Leo tuikague michache. Tutauliza: ulionekana lini katika maandishi, umbo lake la awali lilikuwaje, na kitu kinachotajwa kilifanyaje kazi?

Tuanze na uliosimama imara. "Three sheets to the wind" husemwa juu ya mtu aliyelewa chakari. Anayejua kwamba "sheet" ni shuka hufikiri haraka kuwa hapa ni matanga matatu. Sivyo. Kwa mabaharia, "sheet" ni kamba ya pembe ya chini ya tanga, ile ambayo mabaharia wa pwani yetu huiita demani. Demani ikikazwa, tanga hushika upepo na chombo huenda. Ikifyatuka, tanga hupigapiga ovyo, nguvu ya upepo hupotea bure, na chombo huyumba bila kujua kinakokwenda. Sasa zifyatuke tatu kwa mpigo! Katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 19 msemo ulikuwa "in the wind", na ulevi ulikuwa na madaraja: aliyechangamka tu alikuwa na demani moja upeponi, asiyejiweza alikuwa nazo tatu. Madaraja hayo ndiyo yanayonishawishi kuliko kitu kingine. Msemo wa kubuniwa baadaye hauji na vidato vyake.

"By and large", ambao siku hizi maana yake ni "kwa jumla", ni wa usukani. Kwenda "by" ni kwenda joshi, karibu kabisa na upepo unakotoka. Kwenda "large" ni kuufungulia tanga upepo unaotoka nyuma. Chombo kilichosifiwa kwa yote mawili kilikuwa kizuri kwa jumla, basi.

"Taken aback" ni kuduwaa. Matanga ya merikebu yalining'inia kwenye foromali, yaani boriti zilizokingama mlingoti, yakipokea upepo kwa nyuma. Upepo ukigeuka ghafla, au mshika usukani akizembea omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikaelekea upeponi, matanga hupigwa kwa mbele na kubanwa kwenye mlingoti. Merikebu husimama, kisha huanza kurudi kinyumenyume. Hatari kubwa iko juu: kamba nyingi zinazoushikilia mlingoti hufungwa ubavuni na kuelekea nyuma, ili kuuzuia usiangukie mbele. Ukisukumwa kurudi nyuma, unabaki na kamba chache tu za mbele, na unaweza kukatika.

"To the bitter end", hadi mwisho kabisa, unahitaji uangalifu. Kapteni John Smith, katika kitabu chake cha lugha ya mabaharia cha mwaka 1627, anaeleza kwamba "bitter" ni mzunguko wa amari, kamba nene ya nanga, kwenye nguzo za sitahani zinazoitwa "bits", na kwamba ncha yake ni ile sehemu inayobaki chomboni. Amari ikishatoka hadi hapo, huna cha kuongeza. Lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mithali 5:4, nayo inautaja mwisho mchungu kama pakanga. Waingereza walisikia vyote viwili, na sioni sababu ya kulazimisha kimoja.

Sasa porojo. Baridi kali husemwa kuwa yaweza kuziangusha "balls" za nyani wa shaba. Neno hilo ni mipira, na pia ni viungo vya kiume. Watu wenye haya wakabuni hadithi kwamba "monkey", yaani nyani, lilikuwa sinia la shaba la kupangia mipira ya chuma ya mizinga, na kwamba baridi ililisinyaza sinia hadi mipira ikaporomoka. Tupige hesabu. Joto likishuka nyuzi 30, sinia la sentimita 60 hupungua kama milimita 0.3, na chuma cha urefu huo hupungua kama 0.2. Tofauti ni kama milimita 0.1, ilhali mpira wa mzinga wa ratili 32 una upana wa sentimita 15 na zaidi. Tena, nani apange piramidi la mipira ya mizinga juu ya chombo kinachoyumba? Ilitiwa katika mashimo ya mbao. Na maandishi ya mwaka 1847 yana joto la kuyeyusha pua ya nyani huyohuyo. Pua, tena kwa joto! Nyani alikuwa sanamu tu.

Wa mwisho unadanganya zaidi kwa sababu unaelekea kabisa: "Don't spoil the ship for a ha'porth of tar", usiharibu merikebu kwa kubania lami ya nusu peni. Kweli merikebu zilipakwa lami. Lakini maandishi ya karne ya 17 yanataja kupoteza kondoo. Wafugaji walipaka lami kwenye vidonda vyake ili nzi wasitage mayai. Asiyepaka aliliwa kondoo wake na funza. Katika lahaja za mashambani "sheep" ilitamkwa karibu sawa na "ship", na waliousikia msemo bila kumwona kondoo wakaandika merikebu.