Kabla hujasema sugu, uliza kwanza dawa ilifika?

Shikamooni walimu wangu, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Mwalimu aliyenialika aliniambia nisije na slaidi, nije tu niongee kuhusu kazi ya mfamasia wa hospitali anayeshughulika na magonjwa ya maambukizi, kwa hiyo naanzia kitandani, kwa mgonjwa, maana ndiko kazi yenyewe iliko.

Kulikuwa na mzee mmoja kalazwa na nimonia, kaandikiwa ampisilini ya sindano kila baada ya masaa sita. Baada ya siku nne homa bado ipo juu, anahema kwa shida, na asubuhi kwenye raundi daktari akasema hawa vimelea ni sugu jamani, dawa haiwaui tena, tubadilishe, tumuanzishie meropenemu. Na mimi nilikuwepo pale. Meropenemu ni dawa kubwa, ni ghali, na haitakiwi kutoka stoo kirahisi, lakini mgonjwa mwenyewe unamuona anaishiwa, huwezi ukasimama pale ukasema hapana. Nikaomba nipewe dakika kumi tu.

Nikachukua chati ya dawa. Nyie mmeshaiona, ina vile viboksi vidogo, kila kiboksi ni dozi moja na nesi akishachoma anasaini. Siku nne kamili mara dozi nne kwa siku ni dozi 16, si ndiyo? Nikahesabu saini zilikuwa 9. Viboksi vitatu vya saa sita usiku vilikuwa vitupu kabisa, nikamuuliza nesi akaniambia kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, iliziba, usiku alikuwa peke yake na wodi nzima, akapitiwa na mgonjwa mwingine aliyezidiwa. Viboksi vinne vya Jumapili vimeandikwa O/S, yaani haipo stoo. Dawa ilikuwa imeisha, familia wakaandikiwa karatasi wakanunue nje, na kijana wake alikuwa ameenda kutafuta hela, akarudi Jumatatu asubuhi na kimfuko chake mkononi, anahema, anauliza nimechelewa?

Sasa hapo niambieni, sugu ni nani? Mzee hakuwa ametibiwa. Kila mtu kwenye ile raundi alikuwa anaamini ametibiwa siku nne, na kwenye faili imeandikwa siku nne, lakini kwenye damu yake haikuwa hivyo. Tukaweka kanula mpya, tukaendelea na ampisilini ileile kwa saa zake, siku ya tatu joto likashuka. Meropenemu ikabaki stoo.

Toka siku ile nina swali moja, nalirudia kila raundi mpaka madaktari wenzangu wanalijua kabla sijafungua mdomo, je dawa ilifika? Sisemi iliandikwa au ililipiwa, nauliza kama ilifika kule kwenye pafu, kwenye mfupa, kwenye damu, kwa kiasi chake na kwa saa yake. Ukiniuliza kazi yangu ni nini nitakwambia ni kulifuatilia hilo kutoka stoo mpaka kwenye mshipa, na njia hiyo ni ndefu kuliko mnavyofundishwa darasani.

Nieleze kidogo kwanini saa ina uzito hivi, maana kuna watu wanadhani kuruka dozi moja ni kama kuchelewa chakula. Dawa za jamii ya penisilini zinaua vimelea kwa muda, yaani kinachohesabika ni masaa mangapi dawa imekaa juu ya kile kiwango kinachovizuia. Ni kama mlinzi wa getini, hata awe na nguvu kiasi gani akiondoka saa sita usiku mwizi anaingia. Na ampisilini, ambayo ni ya jamii hiyo, inatoka mwilini haraka, kwa mtu ambaye figo zake ni nzima kila baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Kwa hiyo ukiruka dozi ya saa sita usiku, toka jioni saa kumi na mbili mpaka alfajiri saa kumi na mbili sehemu kubwa ya usiku hakuna mlinzi. Jentamaisini, antibayotiki ya jamii nyingine, ni tofauti, yenyewe inaua kwa kishindo, inataka ipande juu sana kwa wakati mmoja halafu ishuke iziachie figo na masikio vipumue, ndiyo maana siku hizi kwa wagonjwa wengi tunaitoa dozi moja kubwa kwa siku badala ya kuigawa vipande. Mkilielewa hili mtaelewa kwanini mfamasia anagombania saa, siyo ukorofi.

Kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wangu namsimulia. Mwaka 1941 kule Oxford, Uingereza, polisi mmoja anaitwa Albert Alexander alikuwa na maambukizi mabaya usoni na kichwani, jicho moja lilikuwa limeshatolewa. Mwezi wa Februari akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuchomwa penisilini. Akaanza kupona, homa ikashuka, akaanza kula. Lakini penisilini yenyewe ilikuwa kidogo mno, walifika mahali wanachukua mkojo wake wanaichuja dawa iliyotoka wanamrudishia tena, mpaka ikaisha kabisa. Vimelea vikarudi, na mwezi wa Machi akafariki. Dawa ilikuwa sahihi, vimelea havikuwa sugu, daktari hakukosea. Dawa iliisha tu. Miaka zaidi ya 80 imepita na mimi bado nakutana na Jumapili zile za O/S.

Twende kwa watoto, huku ndiko moyo wangu ulipo. Malaria kali mnajua tunatumia sindano ya artesuneti. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo, aliyefika 20 na kuendelea 2.4, anachomwa akifika, baada ya masaa 12, baada ya masaa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa mseto. Inaonekana rahisi. Lakini kichupa cha miligramu 60 kinakuja na unga, unauyeyusha kwanza na bikaboneti mililita 1, halafu unaongeza maji ya chumvi au ya glukosi mililita 5 kama unachoma mshipani, unapata miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 36, kwa hiyo mililita 3.6. Inayobaki unamwaga, maana ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa moja.

Inauma kumwaga, nakubali, hasa kama unajua stoku ilivyo. Ndiyo maana siku moja nilikuta kwenye trei bomba limefungwa plasta, limeandikwa kwa kalamu ya wino jina la mtoto na neno "usiku". Ilikuwa saa saba mchana. Yule nesi hakuwa mzembe hata kidogo, alikuwa anaogopa usiku watakosa, alikuwa anamtunzia mtoto. Nikakaa naye chini tukaongea, sikupeleka ripoti, nikaenda stoo nikarudi na vichupa vya dozi zote zilizobaki nikaviweka kwenye boksi lenye jina la mtoto. Hofu yake ikaisha na lile bomba tukalitupa. Mtoto pia tulimpima upya, maana uzito kwenye faili ulikuwa wa kukadiria na mzani ulikuwa chumba cha pili tu. Kama kuna kitu kimoja ningewaomba mkianza kazi msikione aibu, ni kumbeba mtoto wa watu mkampime wenyewe.

Sasa kuna kufika kwa aina nyingine, dawa imemezwa kweli ila njiani inaliwa na dawa nyenzake. Mama mmoja alikuwa anatumia ARV, ile ya kidonge kimoja kwa siku yenye dolutegraviri, akapatikana na TB akaanzishiwa dawa za TB zenye rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini lifanye kazi kupita kiasi, dawa nyingi zinavunjwa kabla hazijafanya kazi, pamoja na dolutegraviri na vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo tunaongeza dolutegraviri miligramu 50 nyingine, achukue baada ya masaa 12 kutoka kile kidonge cha kwanza. Alipewa vizuri kabisa, ila alipokuja kupima wingi wa virusi bado viko juu, na tayari watu wameanza kuandika "hafuati dawa".

Nikamwita pembeni, kwenye benchi nyuma ya dirisha la dawa, siyo pale dirishani ambako foleni nzima inasikia. Akanitolea kopo mbili kwenye mkoba, moja imetumika na moja bado ina ile karatasi ya juu haijachanwa. Akaniambia kaka, hii ya pili nilidhani mmekosea mkanipa mara mbili, nikasema nisije nikazidisha dozi nikafa niwaache wanangu. Yaani alikuwa anajilinda! Hakuna aliyemueleza kwanini ni mbili. Tulimpa kopo, hatukumpa sababu. Tulipomueleza akaanza siku hiyohiyo. Na tukiwa palepale tukagundua anameza vidonge vya madini ya chuma kwa pamoja na dolutegraviri asubuhi akiwa hajala, na hivyo navyo vinaishika dawa tumboni isiingie, ama avimeze vyote pamoja na chakula ama ARV itangulie masaa 2 kabla. Tena nilimwambia mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini asishtuke, akacheka akasema hilo lilishamtisha wiki nzima na hakuwa na wa kumuuliza.

Sasa nisieleweke vibaya. Usugu upo, UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ni kweli na unaua. Utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliumia zaidi. Mimi mwenyewe nimeshapokea majibu ya maabara ya mtoto mchanga, karatasi nzima ni R, R, R, yaani sugu kwa kila dawa iliyopimwa, mpaka chini kabisa, unaishika ile karatasi hujui utamwambia nini daktari. Ni kwa sababu nimeishika karatasi ile ndiyo maana napigania hizi dozi ndogondogo, maana dawa inayofika nusunusu ndiyo inayowaua vimelea wanyonge na kuwaachia nafasi wale wagumu wazaliane.

Na mtaani mnajua hali. Mtu anakwambia nina UTI sugu, mwaka wa tatu huu, kameza azithromaisini, kameza sipro, kachomwa seftriaksoni siku tano, ukimuuliza mkojo uliwahi kuoteshwa maabara kuona ni kimelea gani na dawa gani inakiua, anakwambia walipima tu na kile kikaratasi. Wengine hawana UTI kabisa, ni fangasi, ni ugonjwa wa zinaa ambao mwenza hajatibiwa, au ni sukari haijagunduliwa. Taifodi ndiyo usiseme, kipimo cha Widal kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye homa nyingine kabisa, na watu wanachomwa sindano kwa jibu hilo moja. Wadogo zangu wengi mtaajiriwa maduka ya dawa kabla ya hospitali, na mteja atakuja na hela mkononi anataka sindano, ukimkatalia anaenda duka la pili. Najua. Lakini muulize maswali mawili matatu, mwelekeze akaoteshe mkojo, kuna wanaosikia, wengi kuliko mnavyodhani.

Shirika la Afya Duniani toka 2017 limezipanga antibayotiki makundi matatu, za kuanzia kama amoksilini, za kutumia kwa uangalifu kama seftriaksoni na meropenemu, na za akiba kama kolistini. Kwenye wodi zetu nyingi seftriaksoni imegeuka dawa ya kuanzia, homa yoyote gramu 1, na kwa watoto wachanga watu wanaitoa bila kuangalia kama kuna dripu yenye kalisi, wakati vikikutana vinaweza kuganda. Hili mkilikuta msinyamaze hata kama aliyeandika ni bingwa. Ila nendeni na namba, msiende na kidole. Daktari ukimwambia umekosea atafunga masikio, ukimwonyesha chati ukamwambia dokta zilitakiwa 16 zimeingia 9, atashika chati na yeye aanze kuhesabu.

Nitaomba maswali yawe machache, samahani sana, maana kuna mtoto ana maambukizi ya mfupa, yupo siku ya tisa ya kloksasilini kila masaa sita. Mama yake hajui kusoma vizuri, lakini kachora saa nne nyuma ya kadi ya kliniki, duara nne na mishale, na kila dozi ikiingia anaweka alama ya vema. Mpaka leo asubuhi hajakosa hata moja, na usiku yeye ndiye anayemuamsha nesi. Dozi ya jioni ni saa kumi na mbili na jana vilibaki vichupa viwili kwenye boksi lake, nataka kabla ya saa hiyo niwe nimeshapita stoo. Haya dada yule wa nyuma, naona mkono umenyoosha muda mrefu, karibu.