Kanuni za Uchawi na Filamu Zinazozisahau: Mhadhara wa Mwenye Shaka

Mabibi na mabwana, tusigombane mapema. Filamu nane za Harry Potter, kijana mchawi wa vitabu vya J.K. Rowling, kuanzia 2001 hadi 2011, zimepambwa kwa ustadi. Stuart Craig alibuni mandhari ya zote nane, na hapo sina neno. Shaka yangu ipo kwenye kanuni.

Hadithi ya uchawi ina sharti: mtazamaji aijue kanuni kabla haijatumika. Asipoijua, shujaa hushinda kwa sababu tu mwandishi kataka ashinde.

Chukueni fimbo ya uchawi iitwayo Elder Wand. Humtii yeyote anayemshinda mwenye fimbo, hata kwa kumpokonya tu. Draco, mwanafunzi hasimu wa Harry, anampokonya mwenye fimbo hiyo, mwalimu mkuu Dumbledore, juu ya mnara katika filamu ya sita. Katika ya saba, Harry anampokonya Draco fimbo nyingine kabisa, na utii wa Elder Wand unamhamia Harry ambaye hajawahi hata kuigusa. Hesabu tamu! Kitabuni, Harry anampigia adui yake mkuu, Voldemort, hesabu hiyo usoni, ukumbi mzima ukisikiliza, ndipo wanaporushiana uchawi wa mwisho. Kwenye filamu ya 2011 anadokeza tu kwamba huenda fimbo haikuwa ya Snape, mwalimu ambaye Voldemort alidhani ndiye mwenyewe. Kisha wanapambana uani peke yao, Voldemort anapukutika vipande hewani, na maelezo kamili yanakuja baadaye, darajani, wanapoelezwa rafiki zake Ron na Hermione. Baada ya hapo Harry anaivunja na kuitupa. Kitabuni huitumia kwanza kuunga fimbo yake mwenyewe iliyovunjika. Kwenye filamu ile iliyovunjika imesahaulika, hakuna anayeiulizia.

Mtaniambia kitabu ni kirefu, filamu ni fupi. Sikubali. Filamu ndefu kuliko zote ni ya pili, dakika 161, iliyotokana na kitabu chembamba. Ya tano, iliyotokana na kitabu kinene kuliko vyote, ina dakika 138. Na ya sita ilipata nafasi ya kuongeza tukio lisilokuwemo kitabuni: nyumba ya akina Weasley, familia ya Ron, inateketezwa kwa moto. Filamu inayofuata, nyumba imesimama na harusi inafanyika pembeni yake! Dakika hizo zilichukuliwa wapi? Filamu hiyohiyo ya sita ilikata kumbukumbu nyingi za maisha ya Voldemort, zile zinazoonyesha ni vitu gani alificha vipande vya roho yake na kwa nini alivichagua. Matokeo yake, wakati wa kuvisaka Harry inabidi avisikie vikinong'ona. Msako wa akili umegeuzwa msako wa masikio.

Filamu ya tatu, ya Alfonso Cuarón, wengi huisifu kuliko zote, na kwa macho wanastahili kuisifu. Lakini hakuna anayetamkiwa kwamba majina manne yaliyo kwenye ramani ya siri ni ya marafiki wanne, Lupin, Pettigrew, Sirius na James, babake Harry, wala kwamba James alikuwa akijigeuza paa dume. Sentensi mbili zingetosha. Kile kifaa cha kurudisha saa nyuma nacho kinaachwa vivi hivi: kitabuni vyote huvunjwa katika mapigano ya Wizara ya Uchawi, mlango ukafungwa. Filamu haikuufunga, ndiyo maana watoto huuliza kwa nini hakikutumika tena. Wana haki kuuliza.

Quidditch, mchezo wa wachawi wanaoruka kwa mafagio, nayo ni mbovu tangu kitabuni: goli ni pointi 10, kuukamata mpira wa dhahabu ni pointi 150, kwa hiyo magoli 15 hayatoshi kukuokoa. Mwandishi alijua, akaweka fainali ya Kombe la Dunia ambamo Krum, mchezaji wa Bulgaria, anaukamata mpira na timu yake bado inafungwa, 170 kwa 160. Filamu ya nne inatuonyesha uwanja na shamrashamra, kisha inakata mechi yenyewe.

Anayebisha afanye jaribio. Mkalishe mtu asiyesoma vitabu, simamisha filamu ya tatu pale paa anapotokea ng'ambo ya ziwa, umuulize kwa nini paa. Simamisha tena mwanzoni mwa ile ya 2010, Harry akiwa ameshika kipande cha kioo, umuulize nani alimpa. Akijibu yote mawili sawasawa, swali la tatu ni dogo: kitabu ulikisoma lini?