Mzee wa Bamvua Hayumo Kwenye Orodha

RUKIA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Tuko Kibokoni, ghorofani, dirisha wazi kwa sababu feni imegoma. Mkisikia tuktuk, ndiyo Mombasa hiyo. Mimi Rukia.

SALIM: Na mimi Salim. Leo nimeshtakiwa.

RUKIA: Umeshtakiwa kweli. Toleo jipya la programu yetu ya maji kujaa na kupwa limetoka Ijumaa, nikafungua ukurasa wa shukrani. Jina la kwanza lako.

SALIM: Msimbo mwingi nimeandika mimi, dadangu.

RUKIA: Sikatai. La pili langu, la tatu duka lililotulipia seva, kisha vijana watatu waliotuma marekebisho. Basi! Mzee wa Likoni yuko wapi?

SALIM: Mzee hajaandika hata mstari mmoja.

RUKIA: Haya, waeleze wasikilizaji alichofanya, waamue wenyewe.

SALIM: (anacheka) Programu yetu ni huria, ya bure, inaonyesha maji yatajaa na kupwa saa ngapi hapa Mombasa. Toleo la kwanza niliandika "maji kujaa: saa 10". Mimi nafikiria saa ya kwenye simu, saa nne asubuhi yetu. Mzee kasoma saa kumi, basi kwake ni saa kumi ya alfajiri. Kashuka pwani na giza lake, kakuta dau limekaa kwenye mchanga mkavu.

RUKIA: Na hapo ndipo uchungu ulipo. Saa za simu na saa zetu zinapishana saa sita. Maji nayo, kutoka kujaa hadi kupwa, ni saa sita na dakika kama kumi na mbili. Ungekaa chini kutafuta kosa baya kuliko hilo, usingelipata. Kila palipojaa, umemwambia pamekupwa.

SALIM: Alimtuma mjukuu wake anipigie. Niliyoambiwa siyarudii hapa.

RUKIA: Na ile "spring tide" ya Kiingereza uliyoitafsiri "mawimbi makubwa ya majira"?

SALIM: Nilitafsiri usiku wa manane, nisamehe.

RUKIA: Ni yeye aliyekwambia hiyo ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na siku ambazo maji hayajai sana wala hayakupwi sana ni maji mafu. Kiswahili kilikuwa na maneno yake zamani, wewe ukaenda kubuni. Salim, umewahi kukaa jikoni kwenye harusi, siyo ukumbini?

SALIM: Najua unakoelekea.

RUKIA: Aliyetoa mbuzi hutajwa kwenye kipaza sauti. Wale waliokesha wakichambua mchele na kumenya vitunguu hawatajwi. Lakini pilau ikiungua, watatajwa mmoja mmoja.

SALIM: Hapo sina jibu. Na kusema kweli, wakubwa wa kazi hii hawafanyi nilivyofanya. Kuna curl, kile kifaa cha kuvuta data mtandaoni, cha Msweden Daniel Stenberg. Wana faili zima la shukrani lenye majina zaidi ya 3,000, na wamo watu walioripoti hitilafu tu. Kwenye kiini cha Linux nako, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, badiliko moja laweza kuandikwa chini yake nani aliripoti tatizo, nani alijaribu dawa, nani alikagua.

RUKIA: Sasa mbona sisi...

SALIM: Uvivu, kakako alikuwa mvivu. Ila duka nalitetea. Bila seva hakuna programu. Kumbuka Heartbleed, 2014, ile hitilafu ya usalama kwenye programu huria ya OpenSSL. OpenSSL ilikuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya tovuti za dunia, na michango iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Ile hitilafu ilipofichuka ndipo makampuni makubwa yakakumbuka kutoa pesa.

RUKIA: Mfadhili ashukuriwe, kwa jina na kwa nembo. Lakini wenye duka walitaka nembo yao ikae juu ya jedwali la maji. Mvuvi ana bando la shilingi kumi, asubiri picha ya duka ifunguke ndipo aone maji? Tuliwaambia nembo itakaa ukurasa wa shukrani, na tutaandika wazi wamelipia nini: seva, mwaka mmoja. Wakanuna siku mbili, wakakubali.

SALIM: Mimi ningewapa nafasi kidogo chini ya jedwali.

RUKIA: Na mwakani wangetaka juu. Kama mfadhili atakuwa na sauti, iwe mbele za watu. Mfano ni Vim, programu ya kuandikia msimbo, ya marehemu Bram Moolenaar wa Uholanzi. Waliochangia walipiga kura kipengele kipi kishughulikiwe mwanzo, na kila mtu alijua. Halafu ile programu ukiifungua bila faili, inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda.

SALIM: Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani simu ya mtu imeingiliwa na matapeli!

RUKIA: Alikaa Kibaale, kusini mwa Uganda, akifanya kazi ya maji na usafi. Amefariki 2023. Watu wameandika msimbo miaka na miaka ndani ya kitu kinachotaja Uganda, wengine hata hawajui iko wapi.

SALIM: Basi nami nikiri. Jana nilivuka feri nikamtafute mzee. Siwezi kuweka jina la mtu mtandaoni bila ruhusa yake.

RUKIA: Kumbe! Umeniacha nikugombeze dakika kumi?

SALIM: Ulikuwa unagomba vizuri. Akaniuliza orodha inasomwa na nani. Nikamwambia ukweli, watu wachache. Akasema jina lake nisitie, nitie jina la dau.

RUKIA: La dau?

SALIM: Eti ndilo lililolala mchangani. Sasa naweka zile alama ndogo za picha wanazotumia kwenye miradi, dunia kwa mfasiri, mdudu kwa aliyeripoti hitilafu. Dau nimelipatia dunia.

RUKIA: Na mdudu je?

SALIM: Yote mawili?

RUKIA: Salim.

SALIM: Haya, naweka. Naweka sasa hivi, usiniangalie hivyo.