Historia ya timu ya mbio za nyika ya shule: namna ya kuiandika ikaaminika

Walimu, makocha, na nyinyi mliowahi kuvaa fulana za timu za shule zenu, asanteni kwa kuja.

Nianze na jambo ninalolisimamia bila kusitasita. Historia ya timu ya mbio za nyika iandikwe kwa nafasi na alama, na muda wa saa ukae pembeni. Vitabu vingi vya kumbukumbu za shule vimefanya kinyume: vinapanga rekodi kwa dakika na sekunde, wa mwaka huu juu ya wa miaka hamsini iliyopita. Orodha hizo zinawadhulumu watu. Uwanjani mita 400 ni mita 400. Nyikani kuna tope, kilima, majani marefu, na kigingi ambacho mtu amekisogeza asubuhi ya mashindano.

Mchezo wenyewe ulilelewa shuleni. Wanafunzi wa Shrewsbury, Uingereza, walikuwa wakikimbizana mashambani mapema katika miaka ya 1830, na mbio za Crick za shule ya Rugby zilianza 1838. Wachache walitangulia wakiitwa sungura, wakidondosha vipande vya karatasi, na kundi la wenzao lililoitwa mbwa likafuata karatasi hizo. Hakuna aliyepima umbali. Hata ubingwa wa kwanza wa England, uliofanyika msitu wa Epping mwaka 1876, ulibatilishwa kwa sababu wakimbiaji walipotea njia, ukaanza upya 1877. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya matokeo yoyote ya zamani ni hili: walipita wapi hasa?

Tafuteni ramani ya kila njia ambayo timu imewahi kuitumia. Kama haipo, chukueni ramani ya zamani ya eneo, wapeni wakimbiaji wawili au watatu wa miaka hiyo wachore njia, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechora. Umbali ulioandikwa kwenye programu ya mashindano msiuamini upesi. Shule za sekondari za Marekani zilikimbia maili 2, maili 2 na nusu, na maili 3 kabla ya kilomita 5 kuenea. Maili 3 ni mita 4,828, pungufu ya kilomita 5 kwa mita 172. Kwa kijana anayekimbia kilomita 5 kwa dakika 17, hizo ni sekunde 35 hivi. Rekodi nyingi za shule zilizodumu miaka mingi zimesimama juu ya sekunde hizo 35. Na saa za mkononi zinazopima umbali kwa setilaiti zisiwadanganye: kwenye miti mingi na kona za karibukaribu, huunganisha nukta kwa kukata kona, na njia huonekana fupi kuliko ilivyo.

Sasa alama, maana hapa ndipo historia nyingi zinapoharibika.

Utaratibu uliozoeleka shuleni, hasa Marekani, ni wakimbiaji saba, watano wa kwanza wakihesabiwa. Nafasi zao zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo inashinda. Moja hadi tano ni 15, na chini ya hapo haiwezekani. Mkimbiaji wa sita na wa saba hawaongezi alama kwa timu yao, ila wakimtangulia mpinzani wanamsogeza nyuma. Timu mbili zikikutana na moja ikachukua nafasi saba za kwanza, ya pili itaanzia nafasi ya nane: 8, 9, 10, 11, 12, jumla 50. Wale wawili wangemaliza nyuma ya watano wa wapinzani, ingekuwa 40. Tofauti ya alama kumi imeletwa na vijana ambao majina yao kwa kawaida hayachapwi popote. Andikeni majina saba, kila mwaka. Jumla zikilingana, mara nyingi ni huyo wa sita anayeamua mshindi, na magazeti hayasemi hivyo. Yanasema tu timu fulani imeshinda.

Kosa kubwa zaidi ni kujumlisha nafasi za jumla kutoka kwenye matokeo ya mbio nzima. Wakimbiaji waliokuja bila timu, na wale ambao timu yao haikufikisha idadi, huondolewa kwanza, kisha waliobaki wanapewa namba upya. Chukueni Michezo ya Olimpiki ya Paris, 1924, siku ya joto kali ambapo walianza 38 wakamaliza 15. Finland ilishinda dhahabu ya timu, watatu wakihesabiwa. Nurmi alikuwa wa kwanza, Ritola wa pili, Liimatainen wa 12. Ukijumlisha utapata 15. Alama rasmi ni 11, kwa sababu baada ya kuwaondoa wasiostahili, Liimatainen alihesabiwa wa nane. Ni timu tatu tu zilizokamilika, na Marekani ilikuwa na 14. Hesabu yenu ikikataa kulingana na ya gazeti, anzeni hapo kabla ya kumlaumu mwandishi.

Kanuni nazo hubadilika. Kwenye ubingwa wa dunia, timu ya wanaume ilihesabiwa kwa watu sita, baadaye wanne. Kwa hiyo kando ya kila jumla andikeni wangapi walihesabiwa na timu ngapi zilishiriki. Alama 60 kati ya timu 6 na alama 60 kati ya timu 30 ni habari mbili tofauti kabisa.

Mkitaka kulinganisha vizazi, tumieni pengo la sekunde kati ya mkimbiaji wa kwanza na wa tano siku hiyohiyo. Wote wamepita tope lilelile. Pengo dogo ndilo hushinda: timu iliyoshika 10, 11, 12, 13, 14 ina 60. Iliyoshika 1, 2, 30, 31, 32 ina 96. Ya pili ndiyo iliyopigwa picha.

Kuhusu muda ulioandikwa kwa mkono: zamani mmoja alibonyeza saa, mwingine aligawa kadi za nafasi kwenye njia ya kamba baada ya mstari wa kumalizia, na orodha mbili zikaunganishwa baadaye. Saa ikibonyezwa mara mbili kwa mtu mmoja, kila anayefuata anapewa muda wa aliyemtangulia, na mwishoni unabaki muda mmoja usio na mwenyewe. Ikisahauliwa kubonyezwa, muda unaisha kabla ya majina. Kadi mbili zikigandana, nafasi moja inatoweka. Dalili hizi zinaonekana mkihesabu mistari, basi hesabuni. Hata enzi ya vifaa vya kielektroniki haina usalama wote: mshindi huamuliwa kwa kiwiliwili, kifaa kimefungwa kiatuni, na waliomaliza wakisukumana wanaweza kupinduliwa.

Wasichana wanataka msako wa pekee. Mbio za kimataifa za wanawake kule Barry, Wales, zilikuwa 1967, na Marekani timu za wasichana ziliongezeka sana baada ya Title IX ya 1972, sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Shule nyingi zilikuwa na wasichana wanaokimbia kabla ya kuwa na timu rasmi, na majina yao yako kwenye taarifa za riadha ya uwanjani, picha za darasa, au barua za mwalimu wa michezo. Wengi walibadili majina baada ya kuolewa. Wekeni yote mawili. Umbali wao ulikuwa mfupi kwa muda mrefu, na ubingwa wa dunia uliwapa kilomita 10 sawa na wanaume Kampala, 2017 tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe liwe hivi: mwaka, kocha, nahodha, mashindano, mahali, umbali na umepimwaje, hali ya ardhi, majina saba na nafasi zao, alama, idadi ya timu, na chanzo cha kila kitu. Safu ya chanzo ndiyo watu huiruka. Kumbukumbu ya mdomo iandikwe kuwa ya mdomo. Mwaka usio na matokeo upewe mstari wake, uandikwe "hayajapatikana", pamoja na mahali mlipotafuta, ili atakayekuja asirudie kabati lilelile.

Karibuni kwa maswali, na mliokuja na matokeo ya zamani yaleteni mezani tuyahesabu.