Injini ya Kuokoa Mafuta katika Hewa ya Bukavu

Mhadhara uliotolewa mjini Bukavu mbele ya mafundi wa garaji na madereva

Waheshimiwa walimu, mafundi wenzangu, na ninyi madereva mlioacha kazi ya asubuhi ili mje kusikiliza,

Swali nililoletewa ni kama fundi anaweza kuibadili injini ya gari ili itumie petroli kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani. Jibu langu ni kwamba anaweza, ila sharti aanze na hewa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu umejengwa kwenye vilima vinavyopanda kutoka hapo. Katika kimo cha mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14, kwa hiyo silinda ileile, kwa pigo lilelile la pistoni, humeza oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Fundi asiyelijua jambo hili atatumia fedha za mwenye gari mahali pasipo na faida.

Nianze na injini za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta, ambazo bado tunazo kwenye magari ya zamani, jenereta na pikipiki. Gramu moja ya petroli huungua kikamilifu inapokutana na gramu 14.7 hivi za hewa. Kabureta ya kawaida haina namna ya kutambua kwamba hewa imepungua uzito, hivyo katika kimo chetu humwaga petroli iliyozidi kwa karibu asilimia 7 ikilinganishwa na hewa inayoingia. Dalili zake mnazijua: buji zenye masizi meusi, harufu ya petroli mbichi kwenye bomba la moshi, na oili inayopoteza uzito mapema kwa sababu petroli isiyoungua huteremka kando ya pistoni. Hapa mabadiliko ni ya haki na gharama yake ni ndogo: jeti kuu, yaani kipande chenye tundu la kupitishia petroli, ibadilishwe kwa nyingine yenye tundu dogo kidogo, kisha cheche iwashwe mapema zaidi kwa digrii mbili au tatu, kwa kuwa hewa yenye mgandamizo mdogo huungua polepole. Lakini gari hilo lisipelekwe Uvira bila kurekebishwa tena. Ukishuka mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 tu, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakuwa mwembamba kupita kiasi, injini inagonga kwa sababu mchanganyiko unalipuka ghafla ndani ya silinda, na valvu zinaweza kuungua.

Injini za injeksheni, ambazo petroli yake hupulizwa kwa kupimwa na kompyuta, zikiwemo Toyota nyingi zinazotufikia baada ya kutumika Japani, hupima hewa zenyewe na kujirekebisha. Kwa hizo kimo chetu kina faida hata katika matumizi ya mafuta, maana ili kupata nguvu ileile dereva hukifungua zaidi kipepeo cha hewa, na injini haipotezi nguvu nyingi kwa kunyonya kupitia mlango uliobanwa. Kwa nini basi nyingi zinakunywa petroli kupita kiasi? Naomba niseme waziwazi, kwa sababu jambo hili linaniuma: mara nyingi ni sisi mafundi tuliozifanya hivyo, na kosa kubwa kuliko yote ni kutoa termostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto.

Najua jinsi inavyotokea. Gari linachemka mlimani, dereva ana haraka, fundi anang'oa termostati na kumwambia kwamba sasa maji yatapita bila kizuizi. Chanzo chenyewe, yaani rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, kinaachwa palepale. Termostati huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 82 na 88, kwa sababu injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto. Ikitolewa, asubuhi zetu za baridi na mteremko wowote huyaacha maji chini ya kiwango hicho, na kompyuta, ikipata habari kwamba injini bado ni baridi, huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya wakati wa kuwasha. Isitoshe, katika injini nyingi termostati ina bamba la pili linaloziba njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta, na gari lililokuwa likichemka huweza kuchemka zaidi. Kuirudisha termostati ni kazi ya saa chache, na kwa gari la mjini ni mojawapo ya hatua zenye faida ya uhakika.

Baada ya hiyo, ikaguliwe sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Sensa iliyokufa inaweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha kutisha, na taa ya injini ambayo wengi wameizoea kwenye dashibodi huenda inasema hilo tu.

Sasa nije kwenye kazi ambayo vijana wa garaji huipenda zaidi: kuchonga kulasi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ili kuongeza mgandamizo. Kinadharia wana haki, na kimo chetu kinawasaidia, kwa sababu hewa nyepesi hupunguza hatari ya kugonga. Tuchukue injini ya lita 1.5 yenye silinda nne na uwiano wa mgandamizo wa 9.5 kwa 1. Kila silinda ina nafasi ya kuchomea ya sentimita za ujazo 44 hivi, na ili kufika 10.5 kwa 1 utalazimika kuondoa kama 4.6. Hesabu ya mzunguko wa Otto, yaani kanuni ya injini za petroli, inasema ufanisi utapanda kwa chini ya asilimia 3. Kwa faida hiyo unaikaribisha valvu kwenye kichwa cha pistoni, unavuruga mpangilio wa mkanda unaofungua valvu kwa wakati wake, na unaidai petroli ubora ambao bidoni la kadhafi, yaani muuza petroli wa barabarani, halikuahidi, hasa likiwa limechanganywa na mafuta ya taa. Japani petroli ya kawaida ina oktani, yaani kipimo cha kustahimili kugonga, isiyopungua 89, na kwa kiwango hicho ndipo injini hizi zilipangwa. Ushauri wangu ni kwamba kulasi ichongwe pale tu ilipopinda na imekwisha kufunguliwa, na ichongwe kwa kiasi cha kuinyoosha.

Kuhusu chupa za hidrojeni, zile zinazofungwa kwenye gari ili zipasue maji kwa umeme na kuingiza gesi yake kwenye injini, nitakuwa mfupi. Umeme wa kupasua maji unatoka kwenye altaneta, yaani jenereta ya gari, altaneta inazungushwa na injini, na injini inachoma petroli. Injini hugeuza kuwa nguvu ya kazi kama robo tu ya nishati ya petroli, altaneta hupoteza karibu nusu ya inachopewa, na chupa nayo hupoteza sehemu yake. Kinachorudi kama gesi ni takriban moja ya kumi ya nishati iliyotumika. Hakuna namna ya kufunga mabomba itakayoibadili hesabu hiyo, na fedha ya chupa ingetosha kununua termostati na buji mpya.

Mkifanya badiliko lolote, lipimeni. Jazeni tangi mpaka pampu ijikate, endesheni siku zenu za kawaida, jazeni tena kwenye pampu ileile, kisha gawanyeni lita kwa kilomita na mzidishe kwa 100. Fanyeni hivyo mara kadhaa kabla ya kugusa injini na mara kadhaa baadaye, kwa dereva mmoja na njia moja, na badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili mwenye gari aone kwenye daftari kile anacholipia.